Pombe Kali ya Nyanda za Baridi: Sayansi ya Kibuyu cha Asali Karatu na Ngorongoro

Katika nchi nyingi za kaskazini mwa Ulaya, majira ya baridi yana bia yake. Bia hiyo huwa nyeusi au ya rangi ya hudhurungi, ni nzito mdomoni, na kilevi chake hufikia mara mbili au hata tatu ya kile cha bia ya kawaida ya chupa. Baadhi yake hulazwa ndani ya mapipa ya mbao za mwaloni kwa miezi mingi kabla ya kunywewa. Wanywaji huionja polepole, katika bilauri ndogo, na hueleza ladha yake kwa kuifananisha na kahawa, zabibu kavu, vanila, nazi, moshi au asali.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba kanuni za kemia na za elimuviumbe zinazoiongoza bia hiyo hutenda kazi pia katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Huko Karatu na Ngorongoro, wananchi wamekuwa wakitengeneza pombe kali ya asali kwa vizazi vingi, nayo huiva ndani ya kibuyu wala si ndani ya pipa. Makala haya yanaeleza jinsi pombe hiyo inavyopatikana, kwa nini ladha yake iko kama ilivyo, na ni hatari gani ambazo mnywaji na mtengenezaji wanapaswa kuzifahamu.

NCHI NA WATU WAKE

Mji wa Karatu uko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kasoko ya Ngorongoro umeinuka hadi kiasi cha mita 2,300. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mtu atokaye Karatu na kupanda hadi ukingoni huacha nyuma yake nyuzi 4 au 5 za joto katika safari ya muda mfupi tu. Kati ya Juni na Agosti ukungu huufunika msitu asubuhi nyingi, na usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Upande wa kusini-magharibi mambo ni tofauti kabisa: nchi huteremka hadi bonde la Ziwa Eyasi, lenye mwinuko wa mita 1,000 hivi, ambako jua ni kali na mvua ni haba.

Katika eneo hili dogo wanakutana watu wa asili na lugha mbalimbali. Wairaqw ni wakulima na wafugaji, na mashamba yao ya mahindi, maharage na ngano yamezunguka mji wa Karatu. Wamaasai ni wafugaji wa nyanda za Ngorongoro. Wadatoga, ambao waliishi ndani ya kasoko kabla ya Wamaasai kuitwaa katika karne ya 19, wako hasa upande wa Eyasi, na Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji, wanaishi kandokando ya ziwa hilo.

Makundi haya yote yanaithamini asali. Wahadzabe kwa desturi yao ya asili huila badala ya kuipika pombe, nao huitafuta kwa msaada wa ndege aitwaye mlembe, ambaye humwita mtu na kumwongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Wahadzabe wanaomfuata ndege huyo huyapata makao ya nyuki kwa kasi iliyo zaidi ya mara tano kuliko wanapotafuta peke yao. Wadatoga huipika asali kuwa pombe iitwayo gisuda, ambayo ina nafasi yake katika mazishi ya heshima ya wazee mashuhuri, yaani bung'eda. Katika Kimaasai, neno enaisho hutumika kwa asali na vilevile kwa pombe itokanayo nayo. Kwa wasemaji wa lugha hiyo, malighafi na kinywaji ni kitu kimoja katika hatua mbili.

KWA NINI POMBE KALI NA BARIDI HUENDA PAMOJA

Kabla ya kuvumbuliwa kwa mashine za kupoza, watengenezaji wa bia wa Ulaya walilazimika kufuata majira. Wakati wa joto bia iliharibika upesi kwa sababu bakteria walizaliana kwa haraka na kuitia uchachu. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, katika Ujerumani ya leo, alitoa amri kwamba bia ipikwe baina ya tarehe 29 Septemba na 23 Aprili tu. Bia ya mwisho wa kipindi hicho ilitiwa kimea kingi zaidi ili iwe kali na iweze kudumu hadi majira ya joto yapite. Hali kadhalika, katika karne ya 18 watengenezaji wa London waliipeleka Urusi bia nyeusi yenye kilevi kingi. Nguvu ya kilevi na uchungu wa maua ya hopu viliilinda isiharibike njiani. Mazoea hayo ya majira yalianza kupoteza umuhimu wake baada ya Carl von Linde kutengeneza mashine za kupoza zilizofaa viwanda vya bia katika miaka ya 1870, lakini watu walikuwa wamekwisha kuizoea ladha ya bia kali ya baridi.

Katika nyanda za Ngorongoro tatizo ni kinyume chake. Huko mtengenezaji hana haja ya kukimbia joto. Kazi yake ni kulitafuta. Chachu, yaani kiumbe mdogo sana anayegeuza sukari kuwa kilevi, hufanya kazi vizuri baina ya nyuzi 20 na 30 za Sentigredi. Chini ya nyuzi 10 aina nyingi za chachu zinazotumika katika kazi hii hulala. Kwa sababu hiyo kibuyu cha pombe ya asali huwekwa ndani ya nyumba, karibu na meko, mahali ambapo joto la moto wa kupikia na la miili ya watu huzuia ubaridi wa usiku. Kibuyu kilichowekwa mbali mno huchelewa kuiva. Kilichosogezwa mno motoni huchemka kwa fujo na kutoa pombe yenye harufu kali inayokera. Ustadi wa kukiweka mahali panapofaa ni ustadi wa kudhibiti joto, sawa na ule unaofanywa viwandani kwa vipimajoto na mabomba ya maji baridi.

HESABU YA ASALI NA MAJI

Asali safi haichachi. Asilimia 80 hivi ya uzito wake ni sukari, hasa aina mbili zinazoitwa fruktosi na glukosi, na maji ni chini ya asilimia 20. Katika mchanganyiko mzito kiasi hicho, chachu hunyonywa maji yaliyo ndani ya mwili wake na kushindwa kukua. Asali ikizimuliwa kwa maji, kizuizi hicho huondoka, na kazi ya kuchacha huanza.

Kwa muda mrefu wanasayansi walibishana juu ya asili ya kazi hiyo. Louis Pasteur wa Ufaransa, katika uchunguzi alioufanya kuanzia miaka ya 1850, alithibitisha kwamba kuchacha kunatokana na viumbe hai. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kutenga chachu ya aina moja iliyo safi. Na mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alionyesha kwamba hata maji yaliyokamuliwa kutoka katika chachu iliyosagwa huweza kuchachusha sukari, maana vinavyofanya kazi hasa ni vimeng'enya vilivyomo ndani yake.

Katika kazi hiyo kila gramu 100 za sukari huweza kutoa gramu 51 za alkoholi kwa ukamilifu, na gramu 49 za hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo inayofanya povu na mlio wa mchemko. Msomaji anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Kilo moja ya asali ina kiasi cha gramu 800 za sukari. Sukari hiyo ikichacha yote hutoa gramu 408 hivi za alkoholi, yaani karibu nusu lita. Asali hiyo ikizimuliwa hadi ujazo wote ufikie lita 4, kilevi kitafikia karibu asilimia 13 ya ujazo. Ikizimuliwa hadi lita 6, kitakuwa chini kidogo ya asilimia 9. Kwa vitendo kiwango huwa pungufu, kwa sababu sehemu ya sukari hubaki na sehemu nyingine hutumiwa na chachu kujijenga. Hata hivyo, hesabu inaonyesha wazi kwamba pombe ya asali iliyozimuliwa kwa uchache iko katika daraja la bia kali za majira ya baridi, wala si daraja la bia ya chupa yenye asilimia 5 hivi.

MZIZI NA TUNDA

Asali ina upungufu mmoja mkubwa: sukari yake ni nyingi, lakini chakula kingine cha chachu, hasa naitrojeni, ni kidogo. Mchanganyiko wa asali na maji matupu huchacha kwa kusuasua. Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo wageni wengi wamelidhania kuwa la uganga tu, yaani kutia mizizi au matunda ndani ya kibuyu. Wamaasai hutumia mizizi ya mshubiri, uitwao kwao osuguroi, au tunda la mvungunya, ule mti wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji. Nchini Kenya, Wakikuyu hutumia tunda hilohilo kwa pombe yao ya muratina.

Tunda la mvungunya hukatwa, hukaushwa, na kuwekwa ndani ya mchanganyiko wa asali na maji. Nyuzinyuzi zake hushika chembe za chachu kwa mamilioni. Pombe ikiisha kuiva, tunda huondolewa, hukaushwa juani au karibu na moto, na kuhifadhiwa kwa ajili ya upishi ujao. Kila linapotumika, chachu zilizovumilia kilevi na uchachu ndizo zinazobaki, na zile dhaifu hufa. Baada ya mizunguko mingi, mtengenezaji huwa amefanya uteuzi wa mbegu za chachu, kama vile mkulima anavyoteua mbegu za mahindi bila kuyaona yaliyomo ndani ya punje.

Jambo hili lina ndugu zake mbali na Afrika. Wakulima wa magharibi mwa Norway walihifadhi chachu ya bia yao kwa kuikausha juu ya pete za vipande vya mbao, na vizazi kadhaa vya familia moja viliendelea kutumia chachu hiyohiyo. Watafiti wa karne hii walipoichunguza waligundua kwamba ni ukoo wa chachu unaojitenga na ule wa viwandani, wenye uwezo wa kustahimili joto kubwa na kukaushwa. Baadhi yake sasa huuzwa katika nchi nyingi. Chachu za mvungunya wa Ngorongoro zinastahili uchunguzi wa namna hiyohiyo.

Kazi ya pili ya mimea hii ni kutia uchungu. Utamu wa asali pekee huchosha ulimi, na uchungu husawazisha. Wachagga wa Kilimanjaro hufanya vivyo hivyo wanapotia gome la msesewe katika mbege, na watengenezaji wa Ulaya wanapotia hopu. Lakini pawepo tahadhari. Msesewe ni wa jamii moja na mmea wa Bara Hindi ambao mwaka 1952 ulitoa reserpini, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Mishubiri nayo ina kemikali za kuharisha. Mmea wenye uwezo wa kuwa dawa una uwezo wa kuwa sumu, na kipimo ndicho kinachotenganisha mambo hayo mawili.

PIPA NA KIBUYU

Pipa la mwaloni si chombo cha kuhifadhia tu. Mafundi hupinda mbao zake kwa moto, na mara nyingi huunguza upande wa ndani. Joto hilo huvunja lignini, ambayo ni gundi ya asili ya mbao, na kutoa vanilini, yaani kemikali ileile inayotia harufu katika vanila. Sehemu nyingine za mbao hugeuka kuwa sukari iliyoungua, na mafuta fulani ya mwaloni hutoa harufu ya nazi. Nchini Marekani sheria inataka wiski ya bourbon ilazwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa. Baada ya hapo pipa huuzwa, na katika miaka ya 1990 kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilianza kulaza bia nyeusi ndani ya mapipa ya namna hiyo. Bia hiyo huchukua ladha ya mbao pamoja na wiski iliyobaki imenyweka ndani yake.

Aidha, pipa hupumua. Hewa kidogo ya oksijeni hupenya katika mbao, na polepole huilainisha bia au, ikizidi, huiharibu. Matundu ya mbao pia ni makao ya viumbe wadogo. Mwaka 1904 N. Hjelte Claussen, mtaalamu wa Carlsberg, alieleza juu ya chachu aliyoiita Brettanomyces, aliyoipata katika bia za Kiingereza zilizolazwa kwa muda mrefu. Chachu hiyo hula sukari ambazo chachu ya kawaida huziacha, na huacha harufu ya ngozi na ya zizi, ambayo wengine huipenda na wengine huikimbia.

Kibuyu nacho kina sifa nyingi za pipa. Ganda lake, likiisha kukaushwa na kukombwa, hubaki na vitundu vidogo sana ambamo chachu na bakteria hujificha baina ya upishi mmoja na mwingine. Kwa hiyo kibuyu kilichotumika mara nyingi huanza kazi upesi kuliko kipya. Wafugaji wa eneo hili wana ujuzi wa siku nyingi wa kutunza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, yaani mzeituni wa mwituni. Moshi huo huua vijidudu vingi na wakati huohuo huacha ladha yake katika maziwa. Kemikali za moshi ni jamaa za zile zinazotoka katika pipa lililounguzwa, kwa kuwa zote huzaliwa na lignini iliyokutana na moto.

Tofauti kubwa iko katika muda. Bia ya pipa hungoja miezi sita, mwaka, au zaidi. Pombe ya kibuyu huiva kwa siku chache hadi wiki moja au mbili, na hunywewa ikiwa bado ni hai na ina mawingu ya chachu. Haikutengenezwa ili idumu, bali iwahi siku ya shughuli.

NAMNA YA KUONJA

Watu wengi walifundishwa shuleni kwamba ncha ya ulimi huonja utamu na nyuma yake huonja uchungu. Ramani hiyo ya ulimi si sahihi. Ilitokana na kutafsiriwa vibaya kwa uchunguzi wa mwaka 1901. Sehemu zote za ulimi zenye vionjio huweza kutambua ladha zote za msingi, nazo ni tano: tamu, chungu, chachu, chumvi, na ile ya mchuzi wa nyama, ambayo Kikunae Ikeda wa Japani aliieleza mwaka 1908. Mambo mengine yote yanayoitwa ladha, kama vile asali, moshi au matunda, kwa kweli ni harufu zinazopanda kutoka kooni hadi puani. Ndiyo maana mtu mwenye mafua haonji vizuri.

Kwa hiyo joto la kinywaji lina maana kubwa. Pombe kali ikiwa baridi kama barafu, harufu zake haziruki, na vionjio vya utamu hufanya kazi kwa uvivu. Kinachosikika ni uchungu na ukali. Ikipata joto la nyuzi 12 hivi, harufu hufunguka moja baada ya nyingine. Hili ndilo joto linalopendekezwa kwa bia nzito za Ulaya. Bia nyepesi ya chupa hupozwa sana kwa sababu haina mengi ya kufunguka.

Mzee anayepewa jukumu la kuionja pombe ya asali hufuata, bila kuyaandika, mambo yaleyale ambayo muonjaji wa maabara huyaandika katika jedwali. Hutazama povu na mawingu, hunusa, kisha hunywa kidogo na kukaa nayo mdomoni. Siku za kwanza utamu hutawala, maana sukari bado ni nyingi. Baadaye utamu hupungua, kilevi huongezeka, na koo huhisi moto. Moto huo si ladha: alkoholi huiamsha mishipa ileile ya fahamu inayoamshwa na pilipili. Mwishowe uchachu huzidi, na hapo muonjaji hujua kwamba bakteria wanageuza alkoholi kuwa siki, na kwamba wakati wa kunywa umefika au umepita.

Kanuni za kijamii nazo zilikuwa sehemu ya kipimo. Kwa desturi ya Wamaasai, pombe ya asali ilikuwa ya wazee; vijana wa rika la moran hawakuruhusiwa kuinywa. Wazee waliitumia katika baraka za ndoa na za rika. Asali ilikuwa adimu, kutengeneza kulichukua siku nyingi, na wanywaji walijulikana. Leo sukari ya dukani hupatikana siku zote na huchukua nafasi ya asali, na vinywaji vikali vilivyokerekwa huuzwa kwa fedha kwa yeyote. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu ya urahisi wake wa kuwafikia watoto na vijana.

JE, POMBE HUPASHA MWILI JOTO?

Imani iliyoenea katika nchi za baridi, Ulaya na Ngorongoro pia, ni kwamba pombe kali hupasha mwili joto. Imani hii si ya kweli, na imegharimu maisha ya watu.

Mwili wa binadamu hulinda joto lake kwa kubana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ili damu ya moto ibaki karibu na moyo, ini na ubongo. Alkoholi huifungua mishipa hiyo. Damu ya moto hukimbilia kwenye ngozi, na mnywaji huhisi uvuguvugu usoni na mikononi. Lakini joto hilo linatoka nje. Wakati huohuo alkoholi huzuia kutetemeka, ambako ndiko njia ya mwili ya kujitengenezea joto, na hulegeza akili isitambue hatari. Mtu aliyelewa akilala nje usiku wa Julai katika ukingo wa kasoko, nguo zake zikiwa na unyevu wa ukungu, joto la mwili wake huweza kushuka chini ya nyuzi 35, ambacho ni kiwango cha hatari. Tena njia za huko ni za nyati, tembo na fisi, na mlevi hana mbio wala macho ya kuwaepuka.

Kipimo nacho hudanganya. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za alkoholi. Nusu lita ya pombe ya asali ya asilimia 10 ina gramu 39. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na wala kahawa, wala maji baridi, wala usingizi hauliharakishi. Anayekunywa nusu lita hiyo saa mbili usiku huenda bado ana kilevi mwilini saa sita usiku. Utamu wa asali huuficha ukali, na kwa hiyo mnywaji hufikia kiwango hicho kabla hajajitambua.

HATARI NYINGINE ZA KUZINGATIA

Kwanza, chombo. Pombe ina asidi, na asidi huyeyusha madini. Ndoo na mapipa ya bati yaliyopakwa zinki hayafai kabisa kuchachushia. Hatari zaidi ni madumu yaliyokuwa na dawa za kuulia wadudu, ambazo hutumika katika mashamba ya mazao mengi, vitunguu na kahawa vikiwemo. Sumu hizo hujipenyeza katika plastiki na haziondoki kwa kusuuza.

Pili, nafaka. Wengi katika Karatu hupika pombe ya mahindi, mtama au ulezi. Nafaka iliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiangamizwi na kuchemsha wala kuchacha. Mwaka 2016 sumukuvu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mazoea ya kutumia nafaka mbovu kwa pombe, kwa hoja kwamba haifai kwa ugali, ni mazoea ya kuachwa: nafaka isiyofaa sahani haifai kibuyu.

Tatu, afya ya muda mrefu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1988. Kwa mama mjamzito hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Sayansi haina pombe ya kienyeji iliyosamehewa katika mambo haya, kama isivyo na bia ya kigeni iliyosamehewa.

YAFAAYO KUFANYWA

Kazi ya kwanza ni ya maabara: kukusanya kwa ridhaa ya wenyewe sampuli za chachu kutoka katika matunda ya mvungunya, mizizi na vibuyu, kuzitambua na kuzihifadhi kabla hazijapotea. Chachu inayostahimili baridi ya nyanda za juu na kilevi kikubwa huweza kuwa na faida viwandani, na faida hiyo inapaswa kugawanywa pamoja na walioitunza. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 umeweka misingi ya jambo hilo.

Kazi ya pili ni ya ufugaji wa nyuki. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa nyuki Tanganyika, alieleza juu ya nyuki wa milimani wa Afrika Mashariki, mweusi na mpole kuliko yule wa tambarare, anayeweza kuruka katika hewa ya baridi. Nyuki huyo anategemea misitu ya juu, na misitu hiyo ndiyo inayohifadhi maji ya Karatu. Anayekata mti wa mzinga anakata pia chemchemi ya jirani yake wa bondeni. Mizinga ya kisasa, inayovunwa bila kuchoma moto makao ya nyuki, inaweza kuongeza asali bila kuumiza msitu.

Kazi ya tatu ni ya elimu, nayo haihitaji maabara. Mtengenezaji akijua hesabu ya asali na maji, ataweza kuwaambia wageni wake ukali wa kinywaji anachowapa. Na mwenye nyumba akijua kwamba pombe hutoa joto la mwili badala ya kuliongeza, hatamruhusu mgeni aliyelewa kuondoka peke yake usiku wa baridi. Atampa blanketi na mahali pa kulala karibu na meko.